Nilimzika Mume Wangu kwa Jeneza la Mbao, Sasa Shemeji Anataka Turudie

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie, maana nyumbani nimeongea mpaka mate yamenikauka na bado naonekana mimi ndiye mwenye kasoro.

Mimi ni mjane wa fundi baiskeli, watu walimwita Spoku kwa wembamba wake, alikuwa na karakana ya mabati karibu na lango la soko, na figo zilipomshinda akajua safari imekaribia hakuniachia fumbo, aliniita mbele ya binti yetu mkubwa akasema, "Mama watoto, nikifa mnizike kama mtu, msinizike kama tajiri. Karakana isiuzwe. Huyu mtoto anaijua spana kuliko mimi." Nikamwambia aache uchuro, lakini neno nililiweka moyoni.

Alipofariki, hata machozi hayajakauka, kaka yake mkubwa, yule mwenye duka la vipuri vya magari, alishaitisha kikao sebuleni kwangu, anataka jeneza la kioo lenye vishikio vya kung'aa, gari la kukodi, mahema, spika, mpiga video, na sare za ukoo mzima, na nilipouliza pesa zinatoka wapi akanijibu bila haya, "Karakana ina mteja tayari, shemeji. Ndugu yangu hawezi kufukiwa kama kuku."

Mshauri, watu wote waliinamisha vichwa wakaangalia vidole vya miguu yao, na mimi ambaye tangu niolewe sijawahi kumpandishia shemeji sauti nikasimama nikasema, "Shemeji, alipolazwa hospitali hukumwona hata siku moja. Hizo sare zingenunua dawa!" Akanyanyuka kama anataka kunipiga, ndipo mama mkwe, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka, akasema, "Kaa chini. Mwanangu nilimzaa mimi. Mwacheni mkewe amzike." Kikao kikaishia hapo.

Basi nikamzika. Seremala wa jirani akatupigia jeneza la mbao za kawaida, akachukua gharama ya mbao na misumari tu, mimi na binti tukalipaka rangi ya buluu iliyobaki karakana, majirani kila mmoja akaja na sufuria yake imeshapikwa, viti tukaazima shule, na mafundi wenzake wakasema gari la nini, wakaunganisha mkokoteni nyuma ya baiskeli mbili wakamlaza humo taratibu kama mtoto. Nilidhani tutakuwa watu wa kuhesabika, lakini tulipotoka uchochoroni nikakuta barabara imejaa baiskeli, wauza maziwa, wabeba mkaa, walimu, nesi mmoja na sare zake za kazini, wote wanazikokota kwa mkono, hakuna aliyepanda, na magari yakasimama yenyewe kutupisha. Kaburini mmoja wao akasema, "Fundi hakupenda kengele mbovu. Haya, tumuage!" Wakazipiga zote kwa pamoja, mshauri, nikalia na kucheka kwa wakati mmoja, mama mkwe akanyoosha mikono juu akisema, "Mwanangu! Mwanangu mfalme!" Nimeolewa, nimezaa, lakini fahari kama ile sijawahi kuionja, na jioni nilirudi nyumbani sidaiwi hata kiberiti.

Binti ameshafungua karakana na wateja wamerudi. Lakini sasa shemeji anasema nimeuaibisha ukoo, anataka kaburi lijengwe kwa marumaru na ifanyike karamu ya heshima, na karakana ndiyo iuzwe, la sivyo yeye na sisi si ndugu tena. Mawifi wananiambia nikubali yaishe. Naogopa wanangu watakosa baba mkubwa. Je, nikubali?

Mimi, Kichwa Kigumu (ndivyo wanavyoniita siku hizi).

MSHAURI ANAJIBU

Mama, pole kwa msiba. Na hongera. Umesoma vizuri, nimesema hongera. Umeniandikia habari ya ushindi mwanzo hadi mwisho, halafu unaniuliza kama ukubali kushindwa? Hapana!

Aibu ipi? Mji mzima umeshuka kwenye baiskeli kumsindikiza mumeo, na hakuna aliyelipwa kuja. Heshima ya namna hiyo hainunuliwi dukani, hata duka la vipuri. Kinachomuuma shemeji yako ni kwamba watu walijaa na yeye hakuwa mwenye shughuli.

Ila na wewe nikukaripie kidogo. Lile la hospitali lilikuwa kweli, lakini mtu hukosolewa, havuliwi nguo mbele za watu. Nenda kamwombe radhi kwa hilo, na kwa hilo tu. Kwa mazishi usiombe radhi hata kwa kukohoa. Nenda na mama mkwe wako, maana mbele ya mama yake sauti yake inajulikana inapoishia.

Akisema marumaru, mwambie, "Karibu, shemeji, kaburi halina mlango." Ajenge kwa mfuko wake. Utaona jinsi hamu itakavyopungua.

Watoto kukosa baba mkubwa? Anayeuza undugu kwa bei ya karamu alishaondoka zamani, hujamfukuza wewe. Akirudi, mpokeeni.

Wiki hii hii chukua cheti cha kifo, nenda ofisi husika, karakana iandikwe jina lako na la wanao. Maneno ya mgonjwa ni matamu lakini hayana muhuri. Nanyi wasomaji mnaotikisa kichwa, waambieni watu wenu mnataka kuzikwaje mkiwa bado mnakula na ugonjwa haujawajua.

Na wewe, Kichwa Kigumu, kibaki hivyo hivyo. Shemeji akija tena na kikao chake, mpe kiti, mpe chai, msikilize mpaka amalize. Ufunguo wa karakana usimpe.