Matawi ya Honorine

Mukundwa, acha ile unga, soma! Honorine amejichoma mwenyewe!

Unajua ule orme wake, muti wa Bulaya wenye marehemu bwana yake alipanda, matawi yote inaangalia chini. Leo profesa wa miti amefika kuuandika kwa kitabu kama aina ya peke yake, kwa jina ya marehemu.

Sasa jana, ili mugeni akute muti safi, Honorine amekata matawi yote yenye kuning'inia! YOTE! Ameitupia jirani yake Mukamazimpaka juu ya ukuta: «Pikia, maskini weye!»

Profesa anaangalia muti, anaangalia Honorine. «Maman, iliyobaki ni orme ya kawaida. Ile aina ilipandikizwa juu ya shina ya kawaida. Matawi njo ilikuwa na jina.»

Matawi, Mukundwa! MATAWI!

«Leta hata moja mbichi, nitaipandikiza tena.»

Honorine na kiburi yake yote anapiga magoti kwa mulango ya Mukamazimpaka. «Dada mupenzi, tawi moja tu! Ni bwana yangu!»

Mukamazimpaka hata hakugeuka. «Bwana yako? Amenitolea moshi asubuhi yote, lakini samaki zangu za sambaza ameivisha. Ngoja nikutilie.»