Moto Uliozimika Bondeni

Mjukuu wangu Neema,

Huku Majimoto sisi ni wazima. Mpunga umeanza kuchanua, na mama yako mdogo amejifungua mtoto wa kike. Uliniuliza kwenye simu vitabu vilinisaidia nini, mimi niliyeishia kulima.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba. Asubuhi moja, mimi na baba tuliwakuta mbuzi wetu watatu wamekufa kwenye kibonde karibu na chemchemi za maji moto. Hawakuwa na jeraha lolote. Kando yao walilala ndege, na hata nzi hakusikika.

“Hii ni mizimu,” baba alisema kwa sauti ya chini, lakini akaanza kushuka kuwatoa.

Nikamshika shati. Kitabu nilichoazimwa na mwalimu kilieleza kuwa mahali kama hapo ardhi hutoa hewa nzito isiyo na harufu, inayotuama mabondeni, kuzima moto na kuua.

“Baba, tujaribu moto kwanza.”

Alifunga nyasi kwenye ufito mrefu, akaziwasha, akaziteremsha. Upepo haukuwepo. Moto ulipofika usawa wa mbuzi ukazimika ghafla, kama umepulizwa na mtu. Sababu yake niliijua, Neema, na bado nilirudi nyuma.

Baba aliwaacha mbuzi palepale, tukarudi nyumbani. Hakujua kusoma hata jina lake. Jioni alikuja akakaa karibu yangu, akaniuliza, “Mama, hicho kitabu kinajua nini kingine?”

Mungu akutunze huko Mwanza.

Bibi yako