Tangazo la Ndoa Kanisani Mkonze

Mkonze, Dodoma
14 Agosti 2024

Mpendwa kaka Obedi,

Shikamoo kaka. Habari za Bukoba na mvua zenu zisizokatika? Wifi Tabea mgongo umepoa? Sisi huku ni wazima, ila upepo wa mwezi huu unatumwagia vumbi mpaka kwenye sufuria, na mwanangu Seth anakohoa kidogo. Usiwe na wasiwasi, anacheza.

Ningekupigia simu. Nimeishika nikaiweka, nikaishika nikaiweka. Nakujua kaka: ungepandisha sauti, mimi ningelia, na jambo lenyewe lisingesemwa. Kwa hiyo kaa kwanza, kisha usome.

Jumapili ya tarehe nne jirani yangu Penina aliniomba nimsindikize kwenye kanisa lao la Kipresbiteri, hapa hapa Mkonze. Ni kanisa dogo, la tofali za kuchoma, sakafu bado haijapigwa saruji. Sisi ni Waanglikana wa kuzaliwa, nilikwenda kumpa heshima tu. Lakini wanasali kwa utulivu, hawana spika za kupasua masikio, na zaburi wanaziimba taratibu kama watu wasio na haraka ya kwenda popote. Nikakaa nyuma karibu na mlango, nikaanza kupapenda.

Ikafika zamu ya matangazo. Mzee wa kanisa akavaa miwani, akasoma: "Tunatangaza kwa mara ya kwanza ndoa kati ya Bibi Ruthu Masima, mjane, wa kanisa hili, na Mzee Eliakimu Chilongani, mgane, wa Mvumi. Mwenye kipingamizi aseme."

Kaka, baba yetu! Nilidhani nimesikia vibaya. Nikaangaza macho mbele, nikaiona shingo yake, na lile koti la kahawia alilovaa siku ya kumzika mama. Sikuamua kusimama. Nilijikuta nimesimama.

"Una kipingamizi, dada?" mchungaji akauliza.

"Ndiyo."

"Kipi?"

"Huyo ni baba yangu," nikasema.

Bibi mmoja akasema, wala si kwa kunong'ona, "Hicho nacho ni kipingamizi?" Watu wakacheka. Baba hakucheka. Aligeuka akaniona, uso wake kama wa mtoto aliyefumaniwa. Penina akanivuta gauni nikakaa. Mahubiri sikusikia hata neno.

Baada ya ibada mchungaji alitupeleka kwenye chumba chake, mimi, baba na huyo Bi Ruthu, akatoka. Nilifoka, kaka. "Mama hajamaliza hata miaka mitatu kaburini! Na sisi wanao unatuficha?" Baba anazungusha kofia mikononi. Bi Ruthu ndiye aliyesema, kwa upole kabisa: "Mwambie, mzee. Usipomwambia leo, mimi sisimami tena mbele ya kanisa."

Ndipo akasema. Ule mguu tuliokuwa tunamtumia dawa ya kuchua, haukuwa na baridi yabisi. Mvua za mwaka jana aliteleza njiani kwenda chooni, akaanguka, mguu ukagoma. Alilala pale kwenye tope tangu jioni hadi asubuhi, anaita mpaka sauti ikakauka. Bi Ruthu alikuwa amekuja Mvumi kumuuguza dada yake, nyumba ya pili kutoka kwa baba. Akaona jua limepanda na mbuzi wa baba wanalia zizini, hakuna wa kuwafungulia. Akaenda kuchungulia. Ndiye aliyemfikisha hospitali, na ndiye aliyekuja kumpikia mpaka akasimama tena.

Nikamuuliza kwa nini hakutuambia.

"Mngenihamishia mjini nikae sebuleni kwenu," akasema. "Nikasema nipone kwanza. Nilipopona, nikaona aibu." Kisha akaniambia, "Damari, kufa sikukuogopa. Niliogopa kwamba siku ya pili ingepita bila mtu kujua. Na mimi nina watoto."

Ndipo nikakumbuka kwamba Bi Ruthu sikumsalimu tangu tuingie. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akaniuliza kama nimekula.

Jumapili iliyopita nilirudi. Tangazo likasomwa mara ya pili, hakusimama mtu. Jumapili hii ni mara ya tatu, na ndoa ni Jumamosi ya tarehe 31. Baba anataka usimame karibu naye siku hiyo, lakini kukuomba anaogopa, ameniachia mimi.

Sikudanganyi, moyo haujatulia. Siku nitakayomkuta Bi Ruthu anasonga ugali jikoni kwa mama, sijui nitatazama wapi. Lakini kipingamizi sina tena. Wewe ukiwa nacho, usimwambie mchungaji wala mimi. Panda basi uje, ukae na baba, umuulize alipolala kwenye tope alikuwa anamwita nani. Mimi aliniambia. Alikuita wewe.

Nisalimie wifi Tabea, na Yotham mwambie shangazi anamkumbuka sana. Shangazi Kezia anakusalimu. Mungu aliyemlinda baba kwenye mvua ile awalinde na ninyi, awafikishe kwetu salama.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, tena anayekungoja,

Damari