Mzee Aliyekataa Kuvuka

Baba mpendwa,

Huku Homa Bay joto halina adabu, lakini samaki wao wa nyanya atakusahaulisha nyama ya Kehancha.

Jana wanafunzi wangu waliigiza kesi ya yule mzee wa Ugiriki aliyehukumiwa kunywa sumu kwa sababu ya maswali yake. Rafiki yake akamjia gerezani: "Mzee, nimeshaongea na mlinzi. Bodaboda iko nje. Tuvukie Isebania, kesho tuko Tanzania." Ukumbi mzima ukacheka. Mzee akakataa kutoroka. Mama muuza dagaa wa omena aliyeketi kando yangu akasema polepole, "Afadhali. Angevuka, kesi ingebaki na watoto."

Nikakukumbuka, mwaka ule uliposingiziwa wizi wa ng'ombe. Ndugu zako walikusihi uvuke. Wewe ukavaa koti lako la kanisani, ukaketi mlangoni kungoja polisi. Korti ilikuachilia baadaye, ila hata kabla ya hapo sisi tulienda shule bila kuinamisha kichwa.

Lile koti bado unalo? Livae, baridi ya asubuhi huko naijua.

Asante kwa kubaki, Baba. Hukutuachia kesi.

Binti yako,
Robi