Boksi Moja, Kompyuta Tatu

Boko, Jumapili

Mume wangu Abdulsamad,

Watoto wazima. Ile seva ya ofisini kwako, lile kompyuta kubwa, nimeihamishia sebuleni, nimeiunga na skrini, sasa ndiyo kompyuta yangu ya mezani. Inanguruma kama mashine ya kusaga. Mama yako analalamika, mie siizimi. Ndani yake, kwa programu tu, nimetengeneza kompyuta tatu: yangu, ya watoto, na yako yenye picha zako. Boksi ni moja, lakini kila kompyuta inajiona iko peke yake.

Unasema ukimleta huyo mke mpya wa Muscat tutakaa nyumba moja, kila mtu na chumba chake, hatutasikiana. Seva inaliweza hilo. Mie ng'o! Kompyuta yako nimeshaizima. Ukija naye, naifuta.

Mkeo, mpaka ndege yenu itue,
Manal