Maneno Niliyomtafsiria Mama

Nkoaranga, 1912

Kwako kaka Kaanaeli,

Salamu. Ng'ombe mweupe amezaa, upepo umeangusha migomba, na miguu ya mama inaanza kupona baada ya safari ile ya kuja kukuona ukimaliza chuo cha ualimu.

Tuliposikia wewe ndiye utakayesema kwa niaba ya wenzako, tulifurahi. Ukasimama na kanzu yako nyeupe, ukawaambia Wadachi kwa Kiswahili kizuri kwamba ulizaliwa gizani, ukalala na ng'ombe katika nyumba ya moshi, ukalelewa na watu wasiojua lolote. Wakakupigia makofi. Mama naye akapiga, kwa kuwa hajui ila Kimeru. Kisha akaniuliza, "Hanna, mwanangu anasema nini?"

Ningemwambiaje, Kaanaeli? Katika nyumba hiyohiyo ya moshi alikulaza wewe karibu na moto, yeye akalala mlangoni kwenye baridi! Nikamjibu, "Anakushukuru wewe, mama, mbele ya Wazungu wote."

Akalia. Tangu siku hiyo kila apitaye njiani husimamishwa asikie mama alivyoshukuriwa. Jioni ananitaka nirudie tena, na nikibadilisha neno ananikatiza.

Nimechoka kukusemea. Krismasi njoo, uketi pale motoni, umwambie mwenyewe kwa Kimeru. Wala usihangaike kutunga. Ukikosea, mama atakusahihisha. Hotuba yako ameihifadhi yote moyoni.

Ni mimi, wa tumbo moja nawe, bado nina hasira,
Hanna