Ugali wa Panya

Mpendwa Baba Scola,

Simu zangu hupokei, na ujumbe wako wa mwisho unasema uko kikaoni, tutaongea. Basi nakuandikia hapa kwenye kundi la wazazi, mbele za watu, maana najua hapa utasoma hata kama ni kwa hasira. Wewe ndiye mkuu wa ushirikiano wa chuo na makampuni, wewe ndiye uliyewapatia watoto hawa nafasi ya mafunzo kwa vitendo mgodini huku Mpanda. Kesho asubuhi wanashushwa kwenye njia ya chini zaidi, ambayo hawajawahi kuifika, na Scola wetu yumo. Wenye watoto wengine wana haki ya kusikia ninachokuambia.

Unakumbuka tulivyohangaika kutafuta field, haya haya mafunzo kwa vitendo? Tulikuwa tunasoma jiolojia, wewe na mimi, na chuo kilitupa barua tu, kikasema nendeni mkajitafutie. Tulizunguka nazo mpaka zikaloa mafuta ya sambusa. Kuna kampuni mlinzi hakutufungulia hata geti. Ulikaa pale nje juu ya jiwe, ukavua kiatu kukung'uta mchanga, ukasema, "Siku nikiwa mtu pale chuoni, hakuna mtoto atakayezungushwa hivi." Nikakuambia kwanza tafuta soksi nzima. Umekuwa mtu, na umetimiza. Siku hizi mwanafunzi hahitimu bila kwenda kiwandani au mgodini, na makampuni yanakaa nanyi meza moja kupanga mitaala. Najivunia hilo, sitakudanganya. Siku sera ile ilipopita nilipiga vigelegele mpaka walimu wenzangu wakatoka madarasani.

Waliotupokea sisi walikuwa wachimbaji wadogo, kwenye duara lao, lile shimo ambalo mdomo wake haukuzidi upana wa meza ya mwalimu. Kila aliyepanda jioni aliacha tonge la ugali kule chini, kwenye kona ya kupumzikia, kwa ajili ya panya. Panya wa duara hakuna aliyewagusa. Asubuhi wa kwanza kushuka alikwenda kuangalia. Tonge likiwa limeliwa, kazi inaendelea. Likiwa zima, panya wamehama, na panya huusikia mwamba unaposogea kabla yetu sisi. Wewe hukukubali nishuke kabla yako hata siku moja. "Ngoja nitangulie," ulikuwa unasema, halafu naiona kofia yako inapotea gizani, na baadaye nasikia unaniita kwa sauti ya kujikaza.

Halafu ile asubuhi ya mvua. Tonge lilikuwa zima. Wanaume wakatandika gunia wakaanza karata, wewe ukapandwa na hasira kwa sababu sampuli zako zilikuwa hazijatosha. Mchimbaji mmoja mwenye koti la njano alikujibu bila kuinua macho. "Wenyewe wameshaondoka," alisema. "Sasa nyie mnashuka kumsalimia nani?" Ukanuna. Mchana ardhi ikagonga chini ya miguu yetu, mara moja tu, na vumbi likatoka kwenye mdomo wa duara polepole, kama moshi wa kuni mbichi. Ulinishika mkono, na hukuuachia mpaka tulipofika barabarani. Mwenyewe huwa unasema ndoa yetu ilianzia pale.

Hiyo ndiyo hadithi uliyokuwa ukimlaza nayo Scola tangu mdogo. Sehemu ya panya alikulazimisha uirudie, na kwenye sahani yake lazima abakize tonge. Tulikuwa tunamcheka.

Sasa sikia alichonisimulia jana. "Mama, huku chini kusafi balaa! Wamewategea sumu panya wote, si wageni wanakuja." Wageni ni wewe na wakubwa zako wa chuo, mnaokuja kutia saini mkataba mpya na kupigwa picha na wanafunzi, kofia ngumu vichwani. Kampuni imefanya usafi. Siwezi kumlaumu mtu kwa kufagia kwake akisubiri wageni, hata mimi ningefagia.

"Halafu nikaacha tonge, kama kwenye ile hadithi ya baba," akaendelea, anacheka. "Asubuhi nimelikuta zima." Nikamuuliza, kwa hiyo? Hakucheka tena. "Sijui, mama. Si watakuwa wamekufa na sumu?" Msimamizi amesema ni sumu. Wenzake wanasema ni sumu. Huenda ni sumu kweli, Baba Scola, na hapo ndipo ninapoogopa. Tonge lile litalala zima mwamba ukiwa umetulia, na litalala zima mwamba ukiwa unasogea. Wa kutuambia tumewaua.

Utasema kuna vipimo vya kuonyesha mwamba ukisogea. Scola anasema kipimo cha njia ile watakayoshukia kimepelekwa kutengenezwa, kitarudi wiki ijayo. Anasema pia maji yameanza kuchuruzika ukutani mahali palipokuwa pakavu. Huku juu mvua haijakatika, na leo asubuhi choo cha shule yetu, hapa jirani na mgodi, kimetitia upande mmoja, bila kishindo, watoto wakiwa mstarini.

Nilimwambia akatae. Akanijibu, "Alama wanatoa kampuni, mama. Malalamiko yanaenda kwenye kamati, na mwenyekiti ni baba. Watasema mtoto wa mkubwa anadeka." Nawe nilipokuomba, ulinijibu kwamba Scola ni mwanafunzi kama wengine. Ni kweli. Basi usimtoe peke yake, watoe wote. Mkataba tieni saini, picha pigeni juu, getini, na watoto wasubiri kipimo kirudi. Najua wakubwa zako wamesafiri mbali, najua makampuni mengine yanaangalia, na najua ulivyozungushwa ukiwa kijana. Lakini mume wangu, ninaogopa. Jana nimepika ugali nikashindwa kuula, nimebaki nautazama ukiwa mzima sahanini.

Nimeomba ruhusa shuleni, kesho nitakuwa pale mgodini. Ukinitazama usoni ukasema shimo ni salama, nitakuamini kama nilivyokuamini siku zote. Ila usibaki juu na kalamu yako ya kutia saini. Vaa kofia, msogeze mtoto pembeni, umwambie kama ulivyokuwa unaniambia mimi.

"Ngoja nitangulie."

Mkeo atakayekusubiri mlangoni pa shimo,
Mama Scola